Binti wa Birere Aitwe Nani?

Mgeni kutoka Morogoro au Dodoma akipita jioni Birere, mtaa wa Goma huko Kivu, mashariki mwa Kongo, akamsikia mama akiita mlangoni, "Masika! We Masika, kuya hapa!", lazima atabasamu. Atadhani amekutana na mtoto aliyezaliwa katikati ya mvua kubwa, akapewa jina la msimu wake. Kumbe mvua haihusiki hata tone. Kwa Wanande, kabila ambalo watu wake wengi wameshuka Goma kutoka Butembo na Lubero kutafuta biashara, Masika ni jina la binti wa kwanza, basi. Wadogo zake nao wana majina yanayowasubiri, miongoni mwake Katungu, Kavira, Kavugho na Kahambu. Kahindo hupewa msichana aliyekuja baada ya wavulana, akageuza mkondo. Kwa hiyo mtoto wa Kinande huwa ana jina kabla mama hajashikwa na uchungu.

Katika nyumba ya namna hiyo, mzazi kijana anayetaka kumwita bintiye jina la ua, la nyota au la umande anakuta kiti kimekwisha kukaliwa. Na hao ni Wanande tu. Kichochoro kimoja cha Birere kina Wanande, Wahunde, Washi, Wahavu na wasemaji wa Kinyarwanda, nyumba za mbao zimebanana ubavu kwa ubavu, na ukuta haumzuii jirani kusikia jina jipya la mtoto wala kutoa maoni yake. Neno linalopendeza upande huu wa ukuta lina maana nyingine upande wa pili.

Birere yenyewe imebeba jina la kimaumbile, ingawa wakazi wake wengi hawalifikirii. Kwa Kinyarwanda, *ibirere* ni majani makavu ya mgomba, na wazee husimulia kuwa mtaa uliitwa hivyo kwa sababu ya vibanda vya mwanzo vilivyoezekwa kwa majani hayo. Leo ni mabati na mbao, maduka ya vitenge, magunia ya makaa juu ya chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, na akina mama wenye mabeseni kichwani wanaoelekea mpaka mdogo wa Gisenyi, upande wa Rwanda, au wanaorudi kutoka huko. Tena Birere ni jina la mdomoni tu. Kwenye karatasi za serikali hukuti Birere, unakuta Mapendo, Mikeno, Murara, Kahembe. Mapendo ni jina la wasichana kote Kivu. Mikeno ni jina la volkano yenye urefu wa mita 4,437. Mtu angeweza kuchagua jina la mtoto kwa kusoma orodha ya mitaa tu.

Nchini Kongo jina la mtoto limewahi kuwa jambo la dola. Oktoba 1971 nchi iligeuzwa Zaire, na mwanzoni mwa 1972 Rais Joseph-Désiré Mobutu akawa Mobutu Sese Seko. Raia nao wakaamriwa waache majina ya Kizungu, na padre aliyebatiza mtoto kwa jina la kigeni alitishiwa kifungo. Akina Marie na Joséphine wakabaki na majina ya babu zao kwenye vitambulisho, huku nyumbani wakiendelea kuitwa Marie na Joséphine. Amri ile ililegea Mobutu alipolegea, lakini kivuli chake kimo bado katika Kanuni ya Familia ya 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016. Kifungu cha 58 kinataka majina yachotwe kwenye urithi wa utamaduni wa nchi, na kinakataza jina la matusi, la kudhalilisha au la uchokozi.

Sheria hiyo, kinyume na inavyosikika, inampa nafasi mzazi mwenye ubunifu. Mkongomani kwa kawaida huandikwa majina matatu: jina, postinomu (jina la pili) na prenomu (jina la ubatizo). Wala si lazima jina la baba lirudiwe kwa kila mtoto, kama ilivyo kwa Wazungu. Ndugu watatu wa tumbo moja wanaweza kuandikwa majina matatu tofauti kabisa, na hakuna anayeshangaa. Ukoo ukishika kiti cha kwanza na kanisa likishika cha mwisho, kile cha katikati mara nyingi kiko wazi.

Swali ni nini kikalishwe hapo.

Majirani wa Afrika Mashariki wamezoea kuyatumia maumbile kama saa na kalenda. Kwa Wajaluo wa Kenya, Achieng' amezaliwa jua likiwaka, Akinyi asubuhi, Akoth mvua ikinyesha. Kwa Wakalenjin, Cherop naye ni wa mvua, na Cherotich ni wa saa ile ng'ombe wanarudi zizini. Hakuna aliyekaa na kuchagua mvua kwa sababu ni nzuri. Mvua ilinyesha, mtoto akaja. Wakikuyu wana Wangari, na marehemu Wangari Maathai, aliyepata Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, alieleza kwamba jina lake linatokana na *ngarĩ*, yaani chui. Hilo alilirithi, kama wanavyolirithi maelfu ya wasichana wa Kikuyu. Pwani ndiko walikozoea kuchagua kwa pua na kwa macho: Asumini, Waridi, Zaituni, Marjani, Lulu. Ukiyatamka unasikia bustani, na nyuma yake bahari.

Kivu haina bahari, na asumini haioti kwenye jiwe la volkano. Maua yaliingia Goma kwa mlango wa kanisa. Wamisionari wa Kibelgiji walibatiza kwa majina ya watakatifu, na miongoni mwa watakatifu hao wamo wenye majina ya maua. Bibi anayeitwa Rose au Marguerite amebeba jina la ua maisha yake yote bila kudai upekee wowote. Siku hizi wazazi wanaosoma Kifaransa wameongeza Aurore, ambalo ni alfajiri, Perle, ambalo ni lulu, na Colombe, ambalo ni njiwa. Hilo la mwisho limevuka mpaka: Miss Rwanda wa 2014 ni Akiwacu Colombe. Majina mazuri, ila si ya ajabu tena.

Kiswahili cha Goma kimejaza mitaa majina ya baraka: Furaha, Neema, Zawadi, Riziki, Faida, Sifa. Kimejaza pia ya taabu, kama Machozi na Mateso, kwa watoto waliozaliwa siku mbaya. Ya maumbile ni machache. Nyota ndiyo inayoongoza, na hii imefika mbali kuliko wengi wanavyojua. Katika *Star Trek*, mfululizo wa Kimarekani wa televisheni na filamu kuhusu safari za anga, yumo Luteni Uhura, mwanamke mweusi aliyeigizwa na Nichelle Nichols kuanzia 1966. Uhura limetoka kwenye neno "uhuru". Jina lake la kwanza halikutamkwa kwenye skrini hadi filamu ya 2009, na lilipotamkwa likawa Nyota. Msichana wa Kahembe anayejiona ana jina la kishamba anashiriki jina na afisa wa merikebu ya angani.

Feza nalo lipo, na ni jina la kupendeza, lakini mzazi ajue anachokiingilia. Pwani fedha ni madini meupe kwanza, halafu pesa. Huku Kivu feza ni pesa kabla ya yote, na mtoto ataulizwa shuleni miaka sita mfululizo kama anaweza kukopesha.

Maumbile makubwa kuliko yote Birere huonekana usiku, kama wingu halikushuka: wekundu wa volkano ya Nyiragongo ukipaka anga upande wa kaskazini. Na jina hili, ukilichunguza, tayari ni la kike. *Nyira-* ni kiambishi cha majina ya wanawake katika Kinyarwanda, na lugha hiyo inasemwa pande zote mbili za mpaka. Wako akina Nyirahabimana kila kijiji. Mama wa mfalme Yuhi wa Rwanda aliitwa Nyirayuhi. Na Dian Fossey, Mmarekani aliyeishi na sokwe wa milima ya volkano ya Virunga, alipachikwa jina la Nyiramachabelli, mwanamke akaaye peke yake mlimani, nalo ndilo lililoandikwa juu ya kaburi lake. Volkano hiyo basi ni mama fulani wa Gongo. Kwa nini hatusikii mabinti wanaoitwa hivyo?

Sababu iko chini ya miguu. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilipasuka ubavuni, na moto wake ukashuka ukapita katikati ya mji, ukafunika sehemu ya uwanja wa ndege na kufika ziwani. Birere ilikuwa njiani. Watu wapatao 120,000 walibaki bila makazi. Walioteketezewa nyumba walirudi, wakasubiri jiwe lipoe, wakajenga juu yake. Ndiyo maana nyumba nyingi za Birere hazina haja ya msingi, na mtoto anayejifunza kutembea hukwaruza magoti kwenye jiwe jeusi lenye umri wa dada yake mkubwa. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ukapasuka tena, safari hii moto ukasimama pembeni mwa mji, na siku chache baadaye watu wakaamriwa kuhama. Mama aliyekimbia mara mbili na mtoto mgongoni hahitaji kuelezwa kwa nini jina hilo halitamkwi juu ya kitanda cha mtoto mchanga.

Kuna pia hadithi ya zamani zaidi. Katika imani za kale za eneo hili, waliotenda mabaya wakifa roho zao huingia kwenye moto wa Nyiragongo. Waliotenda mema hupanda Karisimbi.

Na hapa, kwa maoni ya mwandishi, ndipo lilipo jina ambalo Birere imelisahau mlangoni pake. Karisimbi, mita 4,507, ndiyo ndefu kuliko volkano zote za Virunga. Imelala kwa karne nyingi. Asubuhi nyingine za baridi, mvua ya mawe ikishaanguka usiku, kilele chake huamka cheupe, na weupe huo ndio ulioipa jina: *isimbi* kwa Kinyarwanda ni simbi, lile gamba dogo jeupe linalong'aa. Kwa Kiswahili cha pwani vilevile simbi ni kauri. Neno moja limesafiri kutoka ufukweni hadi kwenye kilele bila kuchakaa, na njiani halikugeuka kuwa tusi wala dhihaka. Ng'ambo ya mpaka, Rwanda, wako wasichana wanaoitwa Simbi na Isimbi, kama walivyo akina Akazuba, yaani kijua, na Kanyana, yaani ndama jike. Birere, ambako mtu huvuka kwenda Gisenyi kununua maziwa na kurudi kabla chai haijachemka, jina hilo si geni mdomoni. Ni adimu tu.

Lipimwe kwa vipimo vya mtaani. Cha kwanza ni mlango: jina la Birere huitwa kwa sauti juu ya honi za pikipiki na nyundo za mafundi wa mabati. "Simbi!" ina silabi mbili, inafika. "Mbalamwezi!" haifiki; mtoto atakuwa amekwisha kuvuka barabara. Umande ni zuri kwenye karatasi, lakini hukauka saa tatu asubuhi, na kuna bibi atakayeliona hilo kuwa ni mkosi. Mvua halifai kwenye mtaa wenye mabati yanayovuja. Maua liko salama, ingawa ni la wengi, na mwenye jina ni mmoja. Alfajiri linaweza kumfaa aliyezaliwa saa hiyo, mradi familia ikubali kwamba litakatwa na kuwa Alfa kabla hajaanza shule, na Alfa atadhaniwa mvulana.

Cha pili ni majirani. Wazazi wenye busara hulipeleka jina kwenye ua kabla ya kulipeleka ofisini: wanamwambia mama wa Kishi anayeuza maharagwe, fundi cherehani wa Kinande, mzee anayeongea Kinyarwanda na wajukuu zake. Mmoja akicheka, wanauliza kwa nini. Katika mila ya Rwanda kazi hiyo walikuwa wakiachiwa watoto: siku ya nane watoto wa jirani waliitwa wakala, kisha kila mmoja akapendekeza jina la mgeni. Desturi hiyo, *kwita izina*, tangu mwaka 2005 Rwanda inaitumia kuwapa majina sokwe wachanga, kwa sherehe kubwa na wageni wa heshima, chini ya volkano hizi hizi. Sokwe hupata kamati. Mtoto wa Birere mara nyingine hupata jina la mkunga wa zamu kwa kuwa hakuna aliyekuwa amefikiria.

Kisha kuna karatasi. Tangu marekebisho ya 2016 mzazi ana siku 90 za kumwandikisha mtoto kwa afisa wa hali ya raia bila kuhitaji hukumu ya mahakama. Siku 90 zinatosha kulijaribu jina kwa sauti, kumsikiliza shangazi anayelipinga, na kuamua kama litaandikwa Simbi au Isimbi, kwa sababu herufi moja iliyokosewa siku hiyo itamfuata mtoto hadi kwenye diploma.

Mji wa Goma una komini mbili, na Birere imekalia mpaka kati ya hizo mbili. Mapendo na Mikeno ziko Komini ya Goma. Murara na Kahembe ziko katika ya pili, na huko msichana akiandikwa Masika Simbi Aurore, mtu akisoma cheti chake kuanzia juu atakutana na gamba lile jeupe mara mbili: kwenye mstari wake, na kabla ya hapo kwenye kichwa cha karatasi, palipoandikwa Komini ya Karisimbi.