FIZI ZINATOKA DAMU? USIKIMBILIE KUNG'OA JINO



Wengi waliokimbia mashambulizi ya Palma ya tarehe 24 Machi 2021 waliondoka na nguo walizovaa tu. Aliyehama hutafuta kwanza maji, chakula na pa kulala, meno hungoja. Lakini ugonjwa wa fizi haungoji.

Ugonjwa huanzaje?

Kila siku utando laini, yaani ukoga, hushika kwenye meno. Usipoondolewa, baada ya siku chache huanza kuwa mgumu kama jiwe. Huo ni ugaga, na mswaki hauwezi kuutoa. Ugaga ukishuka chini ya ufizi, ufizi huvimba, huachana na jino na kufanya mfuko. Ufizi mzima una mwanya usiozidi milimita 3. Mfuko ukizidi hapo, mfupa unaoshika jino huanza kulika. Mara nyingi hakuna maumivu, ndiyo maana watu huchelewa.

Kusafisha kwa kina ni nini?

Mtaalamu wa meno hupima mifuko, huchoma sindano ya ganzi, kisha hukwangua ugaga wote, juu na chini ya ufizi. Kazi huweza kugawanywa kwa siku mbili au zaidi. Baada ya miezi 2 hadi 3 hupima tena. Mfupa uliokwisha kulika haurudi kwa kusafishwa. Kinachookolewa ni ule uliobaki.

Je, kusafisha hulegeza meno?

Hapana. Jino linaloonekana kulegea lilikuwa limelegea tangu awali, ila ugaga ulikuwa umelishikiza. Uvimbe ukishuka, meno huonekana marefu, na maji baridi huweza kuyauma kwa wiki chache.

Je, vidonge havitoshi?

Havitoshi. Dawa ya kuua vijidudu haiondoi ugaga. Usijinunulie vidonge sokoni.

Nyumbani fanya hivi:

1. Piga mswaki mara 2 kwa siku, hata damu ikitoka. Ukiacha, ugonjwa huzidi.
2. Kama huna mswaki wa dukani, tumia mswaki wa mti. Tafuna ncha mpaka iwe nyuzi, sugua polepole penye ufizi, na kata ncha iliyochakaa.
3. Maji yakiwa haba, kikombe kimoja kinatosha.
4. Acha sigara na ugoro. Tumbaku huchelewesha fizi kupona.
5. Mwenye kisukari, mjamzito, au anayetumia dawa yoyote amweleze mtaalamu kabla ya sindano.

Nenda kituo cha afya upesi ukiona uso umevimba, una homa, au unashindwa kumeza au kufungua kinywa.

Katika hospitali za Msumbiji, idara ya meno huitwa Estomatologia. Ukifika, usiseme tu "ng'oa". Uliza kwanza: "Jino hili linaweza kusafishwa likabaki?"

Kumbuka: mtaalamu huondoa ugaga, lakini kuuzuia usirudi ni kazi yako ya kila siku.