VIKWAZO VYA UCHUMI NA HAKI YA WANYONGE

Sisi katika Afrika tumewahi kudai vikwazo vya uchumi, na hatuna sababu ya kuona haya. Vilikuwa silaha mojawapo dhidi ya walowezi wa Rhodesia na makaburu wa Afrika Kusini. Lakini kila silaha ina shabaha yake, na shabaha ya vikwazo ni watawala na wenye bunduki, siyo mama anayetafuta uji wa mtoto.

Wako wanaosema kwamba vikwazo havimdhuru mnyonge, maana chakula na dawa havikatazwi. Hiyo ni nusu ya ukweli. Tujiulize: chakula kisichokatazwa hukwama wapi?

Hukwama kwenye fedha. Mtu au kikundi kikizuiliwa mali, ni kosa kukipatia fedha au kitu cho chote, hata kwa njia ya kuzunguka. Sasa lori la mahindi likipita eneo linaloshikwa na kikundi hicho, hutozwa ushuru barabarani. Shirika la misaada huogopa kushtakiwa. Benki nayo huogopa faini, ikakataa kupeleka fedha. Hakuna aliyepiga marufuku mahindi, lakini mahindi hayafiki.

Somalia ni ushahidi. Machi 2010 Baraza la Usalama lilipitisha Azimio Na. 1916 kuruhusu misaada. Lakini sheria za Marekani dhidi ya Al-Shabaab ziliendelea kuyatisha mashirika, nazo zililegezwa Agosti 2011, baada ya njaa kutangazwa Julai. Ukame, vita na Al-Shabaab yenyewe iliyofukuza mashirika vilichangia maafa hayo. Watu wapatao 260,000 walikufa, nusu yao watoto wa chini ya miaka 5.

Nasi tunayo ya kwetu. Julai 1996 Meja Buyoya alipotwaa madaraka Burundi, nchi jirani, Tanzania ikiwamo, ziliweka vikwazo ili Bunge na vyama virudishwe na mazungumzo yaanze. Shabaha ilikuwa ya haki. Hata hivyo mafuta yaliingia kwa magendo, walanguzi wakanenepa, na mwananchi akaumia kwa bei. Aprili 1997 viongozi waliokutana Arusha walilegeza vikwazo kwa chakula, dawa, vifaa vya shule na pembejeo. Je, shabaha ilipotea? Hapana. Mazungumzo yalianza Arusha 1998, na mkataba ukatiwa sahihi Agosti 2000.

Desemba 2022 Baraza la Usalama lilipitisha Azimio Na. 2664. Tangu hapo, malipo na bidhaa zinazohitajika kwa misaada ya kibinadamu si uvunjaji wa amri za Umoja wa Mataifa za kuzuia mali. Ruhusa imekuwa kanuni ya kudumu, siyo kibali cha kuombwa kila mara.

Lakini azimio hilo haliondoi vikwazo ambavyo taifa moja kubwa linajiwekea lenyewe, wala haliilazimishi benki kupeleka fedha. Kwa hiyo wajibu wetu ni kudai kwamba kila kikwazo, awekaye ye yote, kizaliwe na mlango wa misaada ulio wazi. Kumbana mtawala ni siasa. Kumnyima mgonjwa dawa ni dhuluma.