Pingo la Sakafuni: Mwizi Asiingie, Wenyeji Wasifungiwe

Mlango ni uso wa nyumba. Waliojenga Lamu na Mombasa ya kale walilijua hilo, ndipo wakatia nakshi mwimo na mfaa. Lakini nyuma, pasipoonekana na mpita njia, waliweka pingo: gongo la mti mgumu lililolala juu ya mbao zote mbili, ncha zake zikishikwa na ukuta. Nakshi ilikuwa ya mgeni, pingo lilikuwa la mwizi. Aliyesukuma mlango usiku alishindana na ukuta mzima.

Nyumba zetu za leo zimebakiwa na kitasa cha dukani. Ulimi wake huingia katika kibamba kilichoshikwa na skrubu mbili fupi, nazo zimetiwa katika mti laini wa fremu. Mwenye kupiga teke aghalabu havunji kitasa, bali hupasua mwimo. Basi ndugu msomaji, kununua kitasa kikubwa zaidi na kukipachika katika mwimo uleule ni kuongeza gharama tu, si kuongeza nguvu.

Ndiyo maana siku hizi mafundi hutia pingo la sakafuni. Hili ni bamba la chuma linalofungwa chini, nyuma ya mlango, na kipande cha pili kinachochomekwa juu yake usiku na kuondolewa mchana. Mlango ukisukumwa, nguvu huishia kwenye sakafu. Fikira yenyewe si ngeni. Mjini New York, nyumba nyingi za ghorofa zilitumia nondo ya chuma iliyoegemezwa mlangoni, na mguu wake ukakaa katika tundu la sakafuni.

Kulitia si kazi ngumu, ila ina adabu zake. Kwanza, hakikisha mlango wafunguka kwa ndani; ukifunguka kwa nje, pingo hili halina kazi. Pili, liweke karibu na ukingo wa upande wa kitasa, wala si upande wa bawaba, na liache upenyo mdogo mno kati yake na mlango, ili msukumaji asipate nafasi ya kuchukua kasi. Tatu, uliza yapitapo mabomba ya maji na nyaya za umeme kabla ya kutoboa. Nne, toboa kwa keekee ya zege, futa vumbi lote tunduni, kisha kaza boliti za kupanuka. Vumbi likibaki, boliti haishiki. Penye vigae, toboa kigae polepole bila kugonga, kisipasuke.

Huku kwetu pwani kuna mambo mawili zaidi. Hewa ya chumvi hula chuma, kwa hiyo chagua bamba na boliti zisizoshika kutu. Na sakafu ya chokaa iliyolazwa juu ya boriti za mikoko si zege; boliti itang'oka pamoja na bonge lake. Mwenye nyumba kama hiyo ni heri arudie pingo la wazee, la kulala ukutani.

Sasa tufike penye uzito wa jambo hili. Katika hadithi iliyopokewa na Jabir bin Abdillahi, Mtume (S.A.W.) aliamrisha milango ifungwe usiku kwa kutajwa jina la Mwenyezi Mungu, na papo hapo akaamrisha taa zizimwe, panya asije akaburuta utambi akawaunguza watu wa nyumba. Tazama hekima hiyo: mlango na moto vimetajwa pamoja. Sisi twamwogopa mwizi tukausahau moto. Mlango usiofunguliwa na mwizi ndio huohuo usiofunguliwa na jirani aliyekuja kuokoa, na moshi haumpi mtu nafasi ya kutafuta njia. Na nyumba nyingi zina vyuma madirishani, hata mlango huo ukawa ndiyo njia ya pekee.

Kwa hivyo pingo lifunguke kwa mkono mmoja, gizani, bila ufunguo. Bibi mzee aweze kuling'oa, na mtoto aliyefikia umri wa kutumwa dukani pia. Mwenye nyumba awafundishe wote, awazimie taa, kisha ahesabu ni muda gani wanautumia kutoka. Asiyeweza asilaumiwe, pingo ndilo libadilishwe.

Tena ijulikane kwamba pingo hili hutiwa na mtu aliye ndani. Nyumba ikibaki tupu, halina faida, na hapo mlinzi wako ni kitasa, na juu ya kitasa ni jirani. Pingo huuzwa dukani. Ujirani haununuliwi, hujengwa kwa salamu na kwa kujuliana hali. Mwenye vyote viwili, na alale salama.