Baba, Mimi na Kijerumani Chetu

Ukiwa msichana wa Ukunda, kisha umwambie mtu kwamba unasomea Kijerumani chuo kikuu, usingoje pongezi. Utaangaliwa kuanzia utosini mpaka kwenye kandambili, halafu uulizwe kwa sauti ya chini: "Umempata wa miaka mingapi?"

Shoga yangu, niliulizwa hivyo na shangazi, na muuza mahamri, na hata kijana niliyekuwa naye siku hizo, ambaye aliona heri aniache mapema kuliko kuja kuachwa uwanja wa ndege. Siwalaumu sana. Kwetu Diani, Kijerumani ni lugha ya ufuoni. Na tangu Agosti 2007, Ujerumani ilipoanza kuwataka wake na waume wengi wa kutoka nje waonyeshe cheti cha lugha cha kiwango cha A1 kabla ya kupewa viza ya kumfuata mwenzi, msichana akionekana na kitabu cha Kijerumani kwapani watu washapiga hesabu ya harusi.

Mie sikuwa na mzungu yeyote. Nilikuwa na baba.

Babangu alianza kazi ya uwaita kwenye hoteli moja ya Diani mwaka 1984. Kijerumani hakukisomea popote, alikiokota meza kwa meza, sahani kwa sahani. Akirudi usiku alikuwa akinihesabisha vifuniko vya soda: eins, zwei, drei. Kisha Agosti 1997 yakazuka machafuko ya Likoni, watalii wakakimbia, hoteli zikapunguza watu, na baba akarudi nyumbani na sare yake kwenye mfuko wa karatasi. Akafungua kiduka. Lakini lugha hakuipunguza. Mzungu akipita tu mbele ya duka, baba alikuwa ashamwita: "Na, alles klar?"

Kwa hiyo nilipoingia Chuo Kikuu cha Kenyatta mwaka 2011, kusoma Kijerumani pamoja na Kiswahili, nilijiona nimetangulia wenzangu hatua kumi. Wapi!

Msichana yuko kwenye ngeli ya vitu

Wiki ya kwanza tulikutana na der, die, das. Meza ni ya kiume, taa ni ya kike, na msichana, das Mädchen, si wa kike wala wa kiume. Wasichana darasani tulikuja juu. Yaani taa ina jinsia kutushinda sisi? Jibu nililipata kwa hesabu zangu mwenyewe, nikiwa nimekaa kwenye somo la Kiswahili. Ule mkia "-chen" ni wa kudogosha, na chochote kinachoubeba huwa das. Sisi tuna ki- yetu. Ukisema "kitoto kile kimeanguka", si nawe umemtia mwana wa watu kwenye ngeli moja na kiti na kisu? Toka siku hiyo sikuwaogopa tena Wajerumani. Wao wana vikapu vitatu vya nomino. Mswahili ana ngeli chungu nzima na anazipanga bila kufikiri, huku anakaanga samaki.

Kilichonitoa jasho ni vitenzi. Ukitumia "weil", yaani "kwa sababu", kitenzi kinakimbilia mwisho wa sentensi, nawe unabaki kumngoja msemaji ndipo ujue jamaa amekula, amekataa au amekufa. Halafu yako maneno matamu: glavu kwao ni Handschuh, kiatu cha mkono!

Mwaka wa pili nikagundua kuwa Wajerumani hawakuletwa Pwani na ndege za watalii. Mmishonari Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huohuo akamzika hapo mkewe na mtoto wao mchanga. Kamusi yake ya Kiswahili ilitoka 1882, mwaka mmoja baada ya yeye mwenyewe kufa. Na Witu, kule upande wa Lamu, ilikuwa chini ya ulinzi wa Wajerumani tangu 1885 mpaka walipoiachia Uingereza mwaka 1890. Nilimsimulia baba haya yote kwa simu. Akacheka mpaka akakohoa. "Kumbe walikuja kitambo, na hawakuacha bahashishi!"

Simu zetu zilikuwa hivyo, kila Jumapili. Zikianza na "Na, alles klar?"

Chakula cha mchana

Likizo ndefu ya 2013, mwalimu wetu wa mazungumzo, mama wa Kijerumani, akaja Diani kupumzika. Nikamwalika nyumbani. Mamangu akapika wali wa nazi na samaki wa kupaka, majirani wakapata sababu za kuja kuomba chumvi.

Ujue, chuoni tulikuwa tumekazaniwa sana tofauti ya du na Sie. Zote mbili ni "wewe", lakini du ni ya ndugu, rafiki na mtoto, na Sie ni ya mtu wa kuheshimiwa. Kumwambia mwalimu du ni kama kumwambia mkweo "mambo vipi". Ndivyo nilivyokariri.

Baba akatoka amevaa kanzu yake ya Idi. Akamwambia mgeni "Grüß Gott", akamvutia kiti kama enzi zake za hoteli, akanyoosha mkono: "Du sitzen hier! Du essen, viel essen!"

Mwalimu akacheka kwa furaha. Mie masikio yakawaka moto. Nikasema, tena kwa Kiswahili ili kila mtu asikie: "Baba, si du. Mtu kama huyu huambiwa Sie. Na kitenzi hakikai hivyo."

Baba akaiweka sahani mezani, taratibu. "Karibu, mwalimu," akasema kwa Kiswahili. Na huo ndio ukawa mwisho wa Kijerumani chake. Wazungu wakipita dukani akawa anawajibu "salama" basi. Jumapili nikipiga simu ananiuliza nimekula nini, kisha anampa mama.

Mamangu hakunizungusha. "Umemfundisha babako heshima mbele ya mgeni. Ulijisikia ulivyokuwa ukisema?"

Muhula ulipoanza nilimfuata mwalimu ofisini kumwomba radhi kwa ile du ya baba. Akanitazama kama mtu asiyeelewa.

"Baba yako ana miaka mingapi?"

"58."

"Mimi nina 33. Kwetu aliye mkubwa ndiye anayemkaribisha mdogo kwenye du. Mimi nilijua amenikaribisha." Akafikiri kidogo. "Na ile Grüß Gott yake! Amesalimia kama watu wa kwetu."

Nilitoka pale miguu mizito. Kanuni nilikuwa nayo daftarini, ukurasa mzima na mistari nyekundu, ila sehemu hiyo ya mkubwa na mdogo niliirukia. Mimi, niliyelelewa kwa shikamoo!

Mambo mengine hayasemeki kwa simu. Desemba nikapanda basi la usiku, nikavuka feri ya Likoni alfajiri, nikamkuta baba dukani akipanga sabuni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Nikamweleza yote, mpaka lile la miaka 58 na 33. Nikamwambia nimekosa, tena nimekosa mara mbili, kwa Kiswahili na kwa Kijerumani. Hakujibu. Akazipanga sabuni zote, mche kwa mche, akafuta vumbi mahali ambapo hapakuwa na vumbi.

"Huyo mwalimu ni wa kusini," akasema mwisho. "Bavaria."

"Umejuaje?"

"Alivyokuwa akiiviringisha r. Wa Hamburg atakwambia Moin hata saa mbili usiku. Na wa Uswizi usithubutu kumwita Mjerumani, bahashishi huioni."

Haya hayakuwa kwenye kitabu changu hata kimoja, na mtihani wa kusikiliza ulikuwa unaningoja. Nikavuta kreti la soda, nikakaa, nikatoa daftari.

"Na ile 'Na' yako, baba, maana yake nini hasa?"

"Ipi? Ziko nyingi." Akavuta kigoda chake. "Andika."

Hiyo "Na" peke yake ilichukua kurasa mbili.