Ushuru, Mgao na Huria: Msamiati wa Biashara ya Nje katika Kahawa ya Kibosho

Lengo la makala haya ni kuyachunguza maneno machache yatumikayo katika habari za biashara ya nje, na kuonyesha jinsi maana zake zinavyoingiliana kiasi cha kumpotosha msikilizaji. Hatukupenda kuyajadili maneno hayo hewani. Tumechagua zao moja, yaani kahawa, na mahali pamoja, yaani Kibosho, katika miteremko ya Kilimanjaro juu ya mji wa Moshi.

Mkulima wa Kibosho huipanda mibuni yake kihambani, chini ya kivuli cha migomba. Zao hilo lililetwa mlimani na wamisionari wa Kikatoliki mwishoni mwa karne ya 19. Wakulima Waafrika waliunda chama chao cha kwanza mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa chama kikuu cha ushirika cha KNCU. Kahawa yao hukobolewa Moshi, huuzwa katika mnada wa Moshi, kisha husafirishwa ng'ambo. Kwa hiyo mtu aliye kihambani ameunganishwa na forodha za Ulaya na Japani, ingawa huenda asizione maishani mwake. Anapoambiwa kwamba ushuru umeondolewa na biashara imekuwa huria, ana haki ya kuuliza: ushuru upi, na huria kwa nani?

Ushuru

Neno hili asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza ilihusu sehemu moja ya kumi ya mali. Leo limebebeshwa mizigo kadha. Upo ushuru wa forodha, utozwao bidhaa zivukapo mpaka wa nchi. Upo ushuru wa mazao, utozwao na halmashauri za wilaya zao linaponunuliwa. Upo pia ushuru wa bidhaa, utozwao baadhi ya vitu kama vile bia na sigara, hata vikiwa vimetengenezwa nchini.

Mwaka 2017 ushuru wa mazao ya biashara ulipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3. Huo ulikuwa uamuzi wa ndani. Mwaka 2001 Jumuiya ya Ulaya ilizifungulia nchi maskini kabisa, Tanzania ikiwamo, soko lake bila ushuru kwa bidhaa zote isipokuwa silaha. Huo ulikuwa uamuzi wa nje. Matukio yote mawili yaweza kutangazwa kwa sentensi ile ile, "Ushuru umepunguzwa", nayo hayafanani hata kidogo.

Tena, msamaha ule wa Ulaya haukuigusa sana kahawa ya Kibosho. Kahawa isiyokaangwa huingia Ulaya bila ushuru wa forodha, iwe imetoka nchi maskini au isiwe. Ushuru huanza pale kahawa inapokaangwa: nchi zisizo na msamaha hutozwa asilimia 7.5. Kiwango hicho huonekana kidogo, lakini tukipige hesabu. Tuseme kahawa ghafi ina thamani ya shilingi 100, na ikikaangwa hufikia 150. Asilimia 7.5 ya 150 ni shilingi 11 na senti 25. Lakini kazi ya kukaanga imeongeza shilingi 50 tu. Basi kwa hakika kazi hiyo imetozwa asilimia 22.5. Ushuru wa namna hii, upandao kadiri bidhaa inavyozidi kutengenezwa, twapendekeza uitwe ushuru ngazi. Ndio ambao kwa miaka mingi umezivunja moyo nchi zinazoendelea zilizotaka kuuza bidhaa zilizokamilika badala ya mali ghafi.

Tanzania imesamehewa ngazi hiyo huko Ulaya, na hata hivyo kahawa yake nyingi bado huuzwa ghafi. Hapa tunajifunza kwamba ushuru ni kizuizi kimoja tu. Kahawa iliyokaangwa hupoteza harufu yake upesi. Wanywaji wa ng'ambo wamezoea mchanganyiko wa kahawa za nchi mbalimbali na majina ya makampuni wanayoyajua. Na mitambo huhitaji mtaji mkubwa. Kuondoa ushuru hufungua mlango, lakini hakumpi mtu miguu ya kuuvukia.

Ushuru usioitwa ushuru

Liko jambo jingine ambalo wenye kutafsiri habari za uchumi hulisahau. Ushuru utozwao bidhaa ziingiazo nchini humwumiza pia mwenye kuuza nje. Pampu ya kunyunyizia dawa ikipanda bei kwa sababu ya ushuru, gharama ya kahawa nayo hupanda, wala mkulima hawezi kumwongezea bei mnunuzi wa ng'ambo. Ndiyo sababu viwango vya Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki, ulioanza kazi mwaka 2005, vinamhusu mkulima: sifuri kwa mali ghafi, asilimia 10 kwa bidhaa za kati na 25 kwa bidhaa zilizokamilika, mwaka 2022 ikaongezwa ngazi ya nne ya asilimia 35.

Zaidi ya hayo, thamani ya fedha yaweza kuwa kodi ya siri. Kabla ya mwaka 1986 dola moja ya Marekani ilihesabiwa rasmi kuwa takriban shilingi 17, hali watu wa mitaani waliibadilisha kwa shilingi nyingi zaidi. Kahawa iliuzwa kwa dola, mkulima akalipwa kwa hesabu ile rasmi. Tofauti hiyo haikuandikwa katika stakabadhi yoyote, lakini aliilipa. Mwaka 1986 thamani ya shilingi iliposhushwa hadi takriban 40 kwa dola, wengi waliliona neno "kushusha" kuwa la hasara tupu. Kwa mnunuzi wa bidhaa za nje lilikuwa hasara. Kwa muuzaji wa kahawa lilikuwa kupunguziwa kodi asiyoijua jina.

Mgao

Msomaji wa Tanzania akisikia kwamba mgao umekwisha, hufurahi, kwani hukumbuka mgao wa umeme. Katika kahawa mambo yalikuwa kinyume. Chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa wa mwaka 1962, kila nchi iliyouza kahawa ilipewa kiasi chake, ili soko lisifurike na bei isianguke. Mgao huo uliposimamishwa Julai 1989, bei ilianguka vibaya, na mwaka 2001 wastani wake duniani ulikuwa chini ya senti 50 za dola kwa ratili. Kwa kuepuka mkanganyiko, twapendekeza mgao wa kuuza nje kwa maana hii, na neno mgao pekee liachiwe matumizi yake ya kawaida.

Huria

Neno hili nalo limetoka katika Kiarabu, na hubeba fahari ya uhuru. Msimu wa 1994/95 wanunuzi binafsi waliruhusiwa kununua kahawa vijijini. Walilipa fedha taslimu papo hapo, wakati ushirika ulizoea kulipa kwa awamu: malipo ya kwanza, ya pili, kisha majazio. Hilo lilikuwa jema. Lakini ushirika ulikuwa ukikopesha dawa na mbolea na kukata deni wakati wa mauzo. Mkulima alipoweza kumwuzia yeyote, deni halikuwa na mahali pa kukatwa, na mkopo ukakoma. Mibuni isiyopigwa dawa ikashambuliwa na chulebuni na kutu ya majani. Wengine waliing'oa, wakapanda migomba na mboga. Mwaka 2018 serikali iliagiza kahawa ya wakulima ikusanywe tena kupitia vyama vya ushirika na kuuzwa mnadani.

Basi neno huria limefunika mambo manne yaliyotokea katika miaka mbalimbali na kwa sababu mbalimbali. Twapendekeza yatenganishwe hivi: kupunguza ushuru wa forodha, kurekebisha thamani ya fedha, kuondoa mgao wa kuuza nje, na kufungua soko la ndani. Kulegeza masharti ya biashara libaki kuwa jina la jumla.

Huenda msomaji akaona kwamba tunabishania maneno matupu. Sivyo. Mkulima aliyeambiwa kwamba kahawa yake imeanguka bei kwa sababu ya "soko huria" atamlaumu mnunuzi aliyefika kijijini mwaka 1994, hali sehemu kubwa ya anguko ilianza mwaka 1989, katika mkataba uliovunjika mbali naye. Asiyejua ni mlango upi uliofunguliwa hawezi kujua aufunge upi, wala amwulize nani. Hapo ndipo kazi ya istilahi ilipo, nasi twawaomba wasomaji watuletee maneno bora kuliko haya tuliyoyapendekeza.