Fahamu: Utemi wa Wasukuma ulivyopanda na kushuka

Septemba 8, 2021, Kisesa wilayani Magu, machifu walimsimika Rais Samia Suluhu Hassan kwa jina la Chifu Hangaya. Wengi waliuliza: kumbe machifu bado wapo?

Usukumani, nchi ya Wasukuma, hapakuwa na dola moja. Palikuwa na watemi, yaani machifu, wengi, kila mmoja na nchi yake. Neno mtemi huelezwa kuwa limetokana na kutema, yaani kukata: kukata msitu watu wapate makazi, na kukata mashauri. Mtemi hakujiweka mwenyewe. Wazee wa banang'oma walimchagua, zamani mara nyingi akiwa mtoto wa dada wa mtemi aliyetangulia. Mvua ikigoma na njaa ikaingia, waliweza kumwondoa. Kwangu huo ndio uliokuwa uzuri wa utemi: ulikuwa na breki.

Mkoloni akazikata breki hizo. Waingereza, waliotawala kwa kupitia machifu, walimgeuza mtemi kuwa mkusanya kodi na msimamizi wa amri zao. Akawa anamtazama bwana shauri, ofisa wa kikoloni wa wilaya, kuliko watu wake, na heshima ikapungua. Baada ya uhuru, serikali ya Nyerere ilifuta mamlaka ya machifu mwaka 1963.

Leo chifu hatozi kodi wala hahukumu. Amebaki na mila. Ngoma za watemi zimehifadhiwa Makumbusho ya Bujora, hapo hapo Kisesa. Wapeleke watoto wakazione.