Saa ya Denver, jua la Katesh

Saa 9 usiku, Katesh imelala. Kwenye barabara ya Babati–Singida linapita lori moja moja, mbwa wanabweka huko juu kuelekea mlimani, na rafiki yangu ndiyo kwanza anafunga laptopu yake. Anaagana na wenzake kwa kuwatakia jioni njema, kwa sababu kule waliko, Denver, ni saa 11 jioni. Tena jioni ya jana.

Kazi yake ni hesabu za stoo za kampuni inayouza bangi. Ndiyo, bangi. Jimbo la Colorado lilianza kuruhusu maduka ya kuiuza kwa watu wazima tarehe 1 Januari 2014, na sheria yao inataka kila mmea upewe lebo na ufuatiliwe tangu ukiwa mche hadi unapofika dukani. Maana yake ni majedwali, majedwali na majedwali mengine, na majedwali hayajali aliyeyajaza yuko wapi. Hajawahi kuliona hata jani moja la mali anayoihesabu.

Alikuja kuniuliza swali moja tu: "Mbona nalala saa saba nzima, nikiamka niko kama sijalala?" Nilidhani nitamjibu kwa dakika mbili. Tulikaa mpaka chai ikapoa.

Twende taratibu. Ndani ya ubongo wako, juu kidogo ya pale mishipa ya macho mawili inapopishana, kuna fungu dogo la seli, kama 20,000 hivi, linaloendesha saa ya mwili. Saa hii inaamua joto la mwili lishuke lini, njaa ije lini, homoni ya usingizi iitwayo melatonini imwagike lini. Karibu kila seli mwilini ina kijisaa chake, na jinsi vijisaa hivyo vinavyofanya kazi ndiyo iliyowapa Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young tuzo ya Nobel mwaka 2017. Hao walianza na nzi wadogo wa matunda, wale wanaozunguka ndizi zilizoiva kupita kiasi.

Sasa, saa ya mwili wa binadamu haiendi saa 24 kamili. Kwa wastani inazidi kama dakika kumi hivi. Ukiiachia tu itachelewa kidogo kila siku, kwa hiyo inahitaji kurekebishwa, na fundi wake mkuu ni mwanga. Machoni, mbali na zile seli za kuonea, zipo nyingine ambazo kazi yake kubwa ni kupima mwanga na kuiarifu saa. Zilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 2002, yaani nyingi ya vitabu tulivyosomea sekondari havikuwa nazo. Mwanga ukizipiga usiku wa mapema, saa inacheleweshwa: utachelewa kusikia usingizi. Ukizipiga alfajiri na asubuhi, saa inawahishwa: utasinzia mapema zaidi kesho yake.

Hapo ndipo shida ya Katesh inapoanza. Tupo karibu na ikweta, kama nyuzi nne na nusu kusini. Jua letu ni la uaminifu mno: mwaka mzima linachomoza kati ya saa 12 na saa 1 asubuhi. Rafiki yangu anapata usingizi saa 10 alfajiri. Saa mbili na nusu baadaye jua limeshapenya kwenye pazia la kitenge, jogoo wamemaliza zamu ya kwanza, bati limeanza kupata joto na bodaboda zinapiga honi. Mwili wake unapokea amri mbili zinazopingana. Skrini na taa usiku kucha zinamwambia "bado mchana", halafu jua linamwambia "asubuhi hiyo, amka". Na jua lina sauti kubwa. Mwanga wa nje mchana wa jua kali unafika lux 100,000 hivi. Taa ya sebuleni ni mia moja, mia mbili, hapo. Kwa hiyo saa yake haijawahi kuhamia Denver. Imebaki Katesh, huku yeye akilala wakati joto la mwili linapanda na melatonini inakauka. Saa saba za kulala mchana si saa saba za usiku: zinakuwa nyepesi, zimekatikakatika.

Hili si suala la uchovu peke yake. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka kazi za zamu za usiku kwenye kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani mwaka 2007, na mwaka 2019 likapitia ushahidi upya na kuiacha palepale. Kundi hilo halikuambii hatari ni kubwa kiasi gani. Linapima uzito wa ushahidi tu. Nyama nyekundu nayo imo humo. Usitupe laptopu, lakini usiichukulie kama porojo pia.

Akaniambia jingine. Wenzake wa kule humwambia achukue "bidhaa" kidogo kabla ya kulala. Hapa ilibidi niwe mkali. Kwanza, huku ni Tanzania: chini ya sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015, kulima bangi, kuwa nayo, kuiuza au kuivuta ni kosa, na anayekushauri hivyo hatakuwepo mahakamani Babati. (Hata kwao si rahisi hivyo. Colorado imeruhusu, lakini sheria ya serikali kuu ya Marekani haijaihalalisha kwa starehe, ndiyo maana benki nyingi zinaikwepa biashara hiyo. Ukiona malipo yako yanachelewa, huenda chanzo ni hicho. Na kabla hujasaini mkataba wa namna hii, muone wakili.) Pili, kisayansi: kiambato cha bangi kinacholevya, THC, kinaweza kukusinzisha haraka, lakini kwa mtumiaji wa mara kwa mara mwili unazoea, na akiacha usingizi unavurugika, ndoto zinakuja kali kwa siku kadhaa. Zaidi ya yote, hakiigusi shida yenyewe. Shida ni jua na ratiba.

Kitu kingine kilichonivutia ni malalamiko yake kuhusu vikao. Anasema kikao cha saa moja kwenye video kinamchosha kuliko kulima. Kuna sababu, na nadhani ndiyo sehemu tamu zaidi ya habari hii. Watafiti waliopima mazungumzo katika lugha kumi za mabara mbalimbali waligundua kwamba mtu akimaliza kuuliza, mwenzake hujibu baada ya wastani wa kama moja ya tano ya sekunde. Ni haraka kuliko muda unaohitaji kuandaa sentensi. Kumbe unaanza kuandaa jibu mwenzako akiwa bado anaongea. Sasa weka waya katikati. Mwanga ndani ya mkongo wa mawasiliano unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka hapa hadi Dar, kisha baharini, kisha Ulaya au njia nyingine, hadi katikati ya Marekani, tuseme kilomita 20,000. Kwenda ni moja ya kumi ya sekunde, kurudi ni hivyohivyo. Jumla moja ya tano, hata kabla mitambo ya njiani haijaongeza ya kwake. Yaani ucheleweshaji peke yake unalingana na pengo lote la kawaida la mazungumzo. Matokeo unayajua: "Samahani, endelea." "Hapana, endelea wewe." Kimya. Wote mnaongea tena. Ubongo unafanya kazi ya ziada mfululizo, na mbaya zaidi, mtu anayechelewa kujibu huonekana kama hana uhakika, au hajapenda alichoambiwa. Bando kubwa halitibu hilo, maana tatizo ni umbali. Dawa ni kunyanyua mkono kabla ya kusema, kuzima video isipohitajika, na mengine kuyaandika.

Na kuna siku waya wenyewe unakatika. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM iliharibika baharini, na intaneti ikazorota Tanzania na nchi za jirani. Nakushauri uwe na mtu mmoja kazini kwako anayeweza kukupata kwa simu ya kawaida.

Macho na mgongo nitapita haraka kwa sababu umeshasikia. Ukikodolea skrini unapepesa macho mara chache sana kuliko kawaida, na kwa upepo na vumbi la kiangazi chetu macho yanakauka. Angalia mbali kila baada ya muda, mlima upo. Kiti cha plastiki kinamtosha mgeni wa nusu saa. Chai ya rangi: nusu ya kafeini inabaki mwilini kwa kama saa tano, hivyo kikombe cha saa 6 usiku bado kipo nawe alfajiri.

Lisilosemwa sana ni watu. Mwaka 2010 watafiti walikusanya tafiti 148 zenye washiriki zaidi ya 300,000 wakakuta wenye mahusiano imara na watu walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kubaki hai katika kipindi cha utafiti, kwa asilimia 50 hivi. Rafiki yangu analala wakati wa mnada, wakati wa ibada, wakati wa msiba. Alfajiri ile ya Jumapili, 3 Desemba 2023, tope la Mlima Hanang liliposhuka na kuua zaidi ya watu 80, majirani ndio waliofukuana kwa mikono na majembe. Mtu anayejulikana analala wapi hutafutwa. Nilimuuliza kama jirani yake wa sasa anajua kwamba mchana huwa yumo ndani. Akanyamaza kidogo. "Anajua naishi Arusha."

Tulipanga hivi. Ameomba kazini wakubaliane saa nne tu za pamoja, saa 1 hadi saa 5 usiku, na mengine ayafanye asubuhi kwa wakati wake. (Machi na Novemba Marekani husogeza saa zao, hivyo kuanzia Machi hadi Novemba ataanza saa 12 jioni.) Baada ya saa 5 taa inapunguzwa. Saa 7 awe kitandani, siku zote, Jumapili ikiwemo. Akiamka, atoke nje kwa miguu hadi sokoni kabla ya kugusa simu, jua limpige usoni, asalimie watu.

Bosi wake alijibu baada ya siku mbili: wajaribu mwezi mmoja. Jana nilimkuta saa 3 asubuhi ameshika kikapu cha viazi, anabishana bei na mama mmoja wa sokoni.